Picha elfu arobaini, ya baba haionekani!

Msomaji wangu, leo naanza na swali la kichokozi. Hapo ulipo una picha ngapi kwenye simu yako? Usikimbilie kufungua, nijibu kwa kichwa tu. Hujui! Na hata ukijua idadi, nikikuuliza iko wapi ile uliyopiga na bibi yako siku ile ya ubarikio, utaanza kutelezesha kidole juu chini, juu chini, mpaka chai ipoe. Pole sana, ila huko peke yako. Nusu ya mji wetu wa Karatu tunaumwa ugonjwa huo huo.

Karatu bwana ni mji wa picha, upende usipende. Simama barabarani asubuhi uone. Magari ya watalii yanafuatana kama siafu kwenda lango la Lodoare, na kila dirisha limetoa kamera yenye mdomo mrefu kama bomba la moshi. Madereva nao hawako nyuma, siku hizi wana kamera zao. Wakirudi jioni kutoka kreta, vijana wa studio ndiyo kwanza wanatoka: sendofu, kipaimara, mahafali. Jumamosi ndiyo usiseme. Mtu mmoja anaweza kuamka na faru, akala mchana na bibi harusi, akalala na mtoto wa dada yake anayekata keki. Vyote hivyo ndani ya memori kadi moja!

Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Nina jamaa yangu mmoja, jina kapuni. Siku za kazi anaendesha watalii, Jumamosi anapiga harusi, na katikati ya hayo ana mke, watoto na ukoo mkubwa kama wa Nabii Yakobo. Ana laptopu moja, diski za nje mbili, na memori kadi zisizohesabika ndani ya kopo la kahawa. Kwa hesabu yake ana picha kama elfu arobaini. Kijiweni tunamwita Makumbusho ya Taifa.

Basi mzee wake akafariki. Mzee wa watu, mkulima wa vitunguu kule Mang'ola. Msiba ukakaa, kamati ikagawana kazi: wewe maturubai, wewe sufuria, wewe jeneza. Ilipofika picha ya marehemu, ile ya kuweka kwenye fremu na kwenye ratiba ya mazishi, watu hata hawakujadili. Wakasema, "Hiyo haina shida, mtoto wake si mpiga picha?"

Jamaa akakesha usiku kucha kwenye laptopu. Akamwona tembo wa msitu wa Lerai mwenye pembe zinazokaribia kugusa chini. Akamwona simba amelala kivulini mwa gari. Akaona bibi harusi ambaye ndoa yake hata haikumbuki ilikuwa ya nani, picha ile ile, nakala saba. Baba hakuna. Alfajiri wakachukua picha ya kitambulisho, ile ambayo mzee ametoa macho kama mtu aliyekamatwa na jiko la gongo. Ndiyo iliyomsindikiza.

Wiki kadhaa baadaye, akitafuta kitu kingine kabisa, jamaa akafungua folda iliyoandikwa "MPYA 2 YA MWISHO KABISA". Ndani kuna harusi ya Rhotia. Katikati ya harusi, picha moja: mzee amevaa kofia yake, kashika mwavuli, anacheka mpaka pengo linaonekana. Alikuwa amepita tu kumsalimia mwanawe kazini. Picha ilikaa pale miaka mitatu. Jamaa aliponionyesha hakusema neno, na mimi sikusema.

Ndiyo maana leo nimeamua kuliandika jambo hili, ingawa najua kuna watakaosema ah, huyu naye kaishiwa.

Kijiweni kila mtu fundi

Habari hiyo ilipofika kijiweni, dawa zikatolewa bila hata daktari kuitwa. Wa kwanza akasema: anunue diski kubwa zaidi. Sasa wewe, mtu amepoteza sindano kwenye gunia la maharage, unamshauri anunue gunia kubwa? Wa pili akasema: afute zote aanze upya. Huyo tukamnyang'anya kikombe cha kahawa. Wa tatu akasema: afungue folda nyingi, ya tembo peke yake, ya simba peke yake, ya watu peke yao, ya maua peke yake.

Huyu wa tatu alipigiwa makofi, na ndiye aliyenipa kazi ya kufikiri. Maana anaelekea kuwa na haki, lakini sivyo. Mtalii amesimama, nyuma yake tembo, pembeni ua jekundu. Picha hiyo unaiweka folda gani? Wengi wetu tunainakili, moja kwa tembo, moja kwa watu, moja kwa maua. Sasa una picha tatu. Kesho unairekebisha mwanga moja, keshokutwa mteja anaitaka, unamtumia ile mbaya. Ukiendelea hivyo mwaka mzima, elfu kumi zinakuwa elfu arobaini, na ya baba haionekani.

Mimi niliishia kidato cha nne na kompyuta sikuisomea darasani. Lakini kwa kuuliza hapa na pale, na kwa kukaa na vijana wa studio, nimegundua kwamba kupanga picha kuna maswali mawili tofauti, na sisi tunayachanganya. La kwanza: picha hii ni mali ya nani, na nani anaruhusiwa kuiona? La pili: ndani yake kuna nini? Swali la kwanza linajibiwa kwa kutenganisha. La pili linajibiwa kwa kuipa picha majina. Ukitenganisha pale ulipotakiwa kutaja jina tu, umekwisha!

Wataalamu wa jambo hili hawako mbali. Tupandeni kidogo Ngorongoro.

Faru 108 na daftari lao

Kreta yetu, kwa wale wasioifahamu, ni shimo lenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya kilometa za mraba kama 260. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1979 ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hayo yote wanafunzi wa utalii wanayakariri. Wasichoambiwa sana ni kwamba mle ndani watu wamekuwa wakipanga picha kwa umakini kabla hata kompyuta hazijawa za mezani.

Kati ya mwaka 1964 na 1966 mtaalamu wa wanyama John Goddard aliwatambua faru weusi 108 mle kreta, mmoja mmoja. Si kwa kuhesabu migongo kama sisi tunavyohesabu abiria wa Hiace. Aliangalia umbo la pembe, sikio lililochanika, makunyanzi ya puani. Kila faru akawa na sura yake na habari zake. Sasa kumbuka kilichofuata miaka ya 1970 na 1980: majangili waliwamaliza faru hao mpaka wakabaki wa kuhesabika. Bila kumbukumbu kama ile, leo mtu angekuja kutuambia walikuwa wachache tangu zamani, na nani angembishia?

Tena kuna hawa wa fisi. Tangu mwaka 1996 watafiti wa Taasisi ya Leibniz ya Berlin, Ujerumani, wanawafuatilia fisi wa koo nane za mle kreta. Fisi kwako wewe ni fisi tu, kwao ana mama, ana ukoo na ana cheo, na wanamjua kwa madoa. Na kwa taarifa yako, madoa ya ubavu wa kulia si sawa na ya kushoto. Ukiwa na picha ya upande mmoja tu, siku akigeuka unamwita mgeni! Upande wa Tarangire nako, watafiti Derek Lee na Monica Bond wanawatambua twiga kwa mabaka yao, na programu ya kompyuta iitwayo Wild-ID inawasaidia kulinganisha picha na picha.

Watu wote hao hawapangi picha kwa "fisi huku, twiga kule" halafu basi. Kila picha inajibu: huyu ni nani, tulimwona wapi, lini. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia duka, lakini picha nazo zimo.

Nyumba ngapi?

Tuanze na kutenganisha. Tazama boma la Kimasai. Boma ni moja, lakini ndama wana mahali pao, mbuzi wana pao, na kila mke ana nyumba yake. Hakuna anayemfungia ndama mweusi peke yake kwa sababu ni mweusi. Wanatenganisha kwa sababu ya matumizi na kwa sababu ya mwenyewe, rangi wanaitambua kwa macho.

Kwa mtu wa Karatu kama jamaa yangu, mimi naona nyumba nne zinatosha.

Ya kwanza ni ya kazi za wateja. Harusi, mahafali, misiba. Picha hizi umezipiga wewe lakini sura si zako. Kila kazi na folda yake, na jina lake lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kisha tukio: 2024-08-17 Harusi Rhotia. Kwa nini mwaka mbele? Kwa sababu kompyuta inapanga kwa kufuata herufi na tarakimu za mwanzo. Ukianza na siku, harusi za tarehe 17 za miaka yote zitakaa kitanda kimoja.

Ya pili ni ya safari na wanyama. Hizi ndizo mali yako ya kuuza, kuchapa kalenda, kumwonyesha mgeni. Ya tatu ni ya familia, na hii haitoki nje kwenda na laptopu ya kazi. Ya nne ni ya makaratasi: risiti za mafuta, vibali vya lango, kitambulisho, muamala uliopiga picha ili mtu asikukane. Hizi kila mtu anazo na kila mtu anazichanganya na watoto.

Kuna mwenzangu ataniuliza, na zile za WhatsApp za "asubuhi njema" zenye ua na kikombe cha chai? Dada yangu, hizo hazitafuti nyumba. Hizo ni za jalalani.

Daftari lenyewe

Sasa tuingie kwenye programu. Watu wengi wanadhani programu ya kupanga picha ni sanduku unalotumbukizia picha. Sivyo. Nyingi ya zile nzito ni daftari. Picha zinabaki pale pale kwenye diski, programu inaandika tu kwamba picha fulani iko mahali fulani, ina majina haya na nyota ngapi. Ukilijua hilo peke yake, umepona nusu ya ugonjwa.

Iko Lightroom ya kampuni ya Adobe, iliyotoka mwaka 2007. Vijana wa studio wanaipenda kwa sababu inasafisha rangi na inapanga papo hapo, ila ni ya kulipia. Toleo lake la kwenye kompyuta, Lightroom Classic, linatumia daftari linaloitwa katalogi. Unaweza kuwa na katalogi nyingi upendavyo, lakini inafungua moja tu kwa wakati mmoja. Ukiwa ndani ya katalogi ya harusi, ya familia huioni, na ukitafuta jina la baba humo, programu itakwambia hayupo wakati yupo chumba cha pili.

Iko pia digiKam, hii ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux. Yenyewe inataka daftari moja lenye makusanyo mengi. Unaiambia: hili kusanyo liko kwenye kompyuta, hili liko kwenye diski ya nje, hili liko kwenye mtandao wa ofisi. Ukichomoa ile diski ukaenda nayo Endabash, daftari halisahau. Ukirudi ukaichomeka, majina yote yako pale pale.

Ipi bora? Mimi si wakala wa mtu. Nitakupa kipimo tu. Panapohitajika siri, weka ukuta mnene: kazi za wateja ziwe na daftari lao, lisilofunguka pamoja na la familia. Panapokuwa mali yako mwenyewe, daftari moja lenye vyumba vingi linatosha, ili siku ukitafuta kitu utafute mara moja tu. Ukiwa na madaftari kumi na mawili ya mali yako mwenyewe, wewe hujapanga, umetawanya kistaarabu.

Na kuna mtego mmoja, usije ukasema sikukwambia. Ukishaandikisha picha kwenye daftari, usiingie kwa mlango wa nyuma ukazihamisha kwa mkono. Ukifanya hivyo, programu itakwenda kwenye anwani ya zamani, itakuta nyumba tupu, itaanza kukuwekea alama za kuuliza. Vijana wengi wakiziona wanalia kwamba kompyuta imekula picha. Haijala! Zihamishe kwa kupitia programu yenyewe, nayo itaandika anwani mpya.

Mpe mtoto jina

Baada ya nyumba, majina. Kwenye programu hizi jina linaitwa lebo. Picha moja unaibandika lebo hata kumi bila kuinakili hata mara moja. Ile ya mzee na mwavuli ingebaki kwenye folda ya harusi ya Rhotia, lakini ikabandikwa lebo "Baba", "Rhotia" na "Familia". Siku ya kuitafuta, neno moja, sekunde mbili.

Ila hapo kuna neno "kama" nyuma yake. Kama umezitenganisha nyumba kwa ukuta mnene, basi picha ya familia iliyozaliwa ndani ya kazi ya mteja itolewe humo siku ile ile na kupelekwa nyumbani kwake. Usiseme nitafanya kesho. Kesho kuna kreta, keshokutwa kuna sendofu.

Lebo nazo zina adabu zake. Chagua tahajia moja ufe nayo. Kuna mtu kaandika "Mto wa Mbu", kesho yake "Mtowambu", wiki ijayo "MTWM" kwa uvivu. Wewe unajua ni pale pale penye ndizi nyekundu, kompyuta inaona vijiji vitatu. Vivyo hivyo Empakai na Empakaai. Andika orodha yako kwenye karatasi, ibandike ukutani.

Halafu waambie programu iandike lebo ndani ya picha yenyewe, au kwenye faili dogo linalokaa pembeni yake, isiziweke kwenye daftari tu. Zipo sehemu za kuzichagulia kwenye mipangilio. Faida yake? Siku ukihama kutoka programu hii kwenda ile, majina yanahama na picha. Programu huja na kwenda. Waliokuwa wakitumia Picasa ya Google wanajua, kampuni iliacha kuiendeleza mwaka 2016, watu wakabaki wanatazamana.

Saa ya kamera nayo irekebishe. Kila picha ya kidijitali huandikwa ndani yake tarehe na saa iliyopigwa. Sasa sisi Waswahili na saa zetu! Mtu anapiga harusi saa sita mchana, kamera yake ameiwekea sita hivyo hivyo kwa akili ya Kiswahili, kwa kompyuta hiyo ni alfajiri. Picha za simu zinasema mchana, za kamera zinasema bibi harusi alitoka kanisani jogoo la kwanza. Ukizichanganya, keki inakatwa kabla ya viapo. Ila usihangaike kuzirekebisha moja moja, programu hizi zinaweza kusogeza saa za picha elfu kwa mpigo.

Na uchuje. Kule Serengeti kulikuwa na mradi wa kamera 225 za kujipiga zenyewe, zilizotegwa eneo la kilometa za mraba 1,125 kuanzia mwaka 2010. Kufikia mwaka 2013 zilishatoa mafungu milioni 1.2 ya picha. Watu zaidi ya 28,000 walijitolea kuzipitia kupitia mtandao. Unajua zenye wanyama zilikuwa ngapi? Mafungu 322,653 tu. Zilizobaki, karibu robo tatu, nyingi zilikuwa nyasi zinazochezeshwa na upepo! Nawe ukipiga picha ishirini za chui yule yule juu ya mti ule ule, jua kumi na saba kati yake ni nyasi na upepo. Bakiza tatu. Programu itakusaidia kukuonyesha zinazofanana, lakini kidole cha kufuta kiwe chako.

Mambo ya siri

Hapa naomba utulivu kidogo. Kutenganisha picha si usafi wa nyumba peke yake, ni heshima za watu. Nilisimuliwa habari ya dereva mmoja aliyechomeka laptopu yake kwenye televisheni kubwa ya hoteli ili awaonyeshe wageni faru. Wageni wamekaa, vinywaji mkononi. Faru akapita, tembo akapita, mara paa! akatokea bibi harusi wa watu chumba cha kuvalia, hajamaliza kuvaa. Ukumbi kimya. Kosa la dereva halikuwa kuipiga, aliajiriwa kupiga maandalizi. Kosa ni kwamba mteja wake alikuwa analala nyumba moja na faru.

Na sasa kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume inayoisimamia. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Kwa hiyo ndugu yangu wa studio, ukisema "hizi picha nimepiga mimi, ni zangu", kaa chini usome kwanza. Kubaliana na mteja zitakaa kwako muda gani, na ipi unaweza kubandika ukutani kama tangazo.

Siri ya pili ni ya faru mwenyewe. Simu nyingi, na kamera baadhi, huandika ndani ya picha mahali hasa ulipokuwa umesimama. Kwa picha ya keki haina neno. Kwa picha ya faru ni kama kumchorea jangili ramani na kumwekea nauli. Faru wetu wamerudi kidogo kidogo baada ya ulinzi wa jasho na damu. Wewe unayetaka sifa mtandaoni saa ile ile, ondoa alama ya mahali kwanza. Kwenye daftari lako iache, ni kumbukumbu nzuri. Inayotoka nje ndiyo itoke bila anwani.

Usiweke mayai yote kwa kuku mmoja

Mwisho kabisa, nakala. Vumbi la barabara zetu mnalijua, na mitikisiko yake mnaijua. Diski iliyokaa kwenye dashibodi ya gari mwaka mzima ikifa, haifi ghafla, ilikuwa inaumwa siku nyingi. Mafundi wana kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Moja kwenye laptopu, moja kwenye diski kabatini, moja kwa shangazi kule Bashay au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Na daftari la programu nalo linakiliwe. Ukiokoa picha ukapoteza daftari, na majina hukuyaandika ndani ya picha, umerudi kwenye gunia la maharage.

Hifadhi ya mtandaoni ni nzuri ila uisome masharti. Google Photos ilipoanza mwaka 2015 iliruhusu watu kuweka picha za ubora wa kawaida bila kikomo na bila malipo. Tukajazana. Tarehe 1 Juni 2021 mlango ukabanwa: picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua pepe zako. Si dhambi, ni biashara. Na ukumbuke bando la kupandisha harusi nzima mtandaoni linaweza kuwa kubwa kuliko malipo uliyopewa.

Uanzie wapi?

Najua mmeshachoka, mnasema picha elfu arobaini nizipange lini, na mahindi nivune lini? Usianze na za zamani. Anza na za leo. Kuanzia Jumapili hii, kila memori kadi ikirudi nyumbani, kabla hujala, picha ziende kila moja nyumba yake, zichujwe, zipewe majina, zinakiliwe. Za zamani uzichukue kidogo kidogo, jioni moja kwa wiki, na uanze na za wazee. Ukitafuta za wazee utashangaa huna nyingi, na hizo ulizonazo ziko kwenye harusi za watu wengine.

Ambaye hana kompyuta asijione hayumo. Kwenye simu fungua albamu nne zile zile, andika majina, na kila mwezi zipeleke picha mahali pengine pa salama. Na hizo za karatasi zilizo kwenye albamu la mama, geuza nyuma uandike kwa penseli laini: nani, wapi, mwaka gani. Mama akiwepo, muulize sasa. Yeye ndiye daftari, na hana nakala.

Haya wapenzi, mimi kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa na wale mabwana wanaoazima suti ya harusi na kuirudisha na mabaki ya pilau mfukoni. Wanajijua. Alamsiki!